Msitu Kwanza, Uwanja Baadaye

Ilani ya wakaaji wa Ibanda kuhusu bunduki, vilima na ardhi ya wanakijiji

Sisi wakaaji wa komini ya Ibanda, mjini Bukavu, kutoka Ndendere, Nyalukemba na Panzi, tunaanzisha harakati hii kwa ajili ya jambo moja. Kila anayebeba bunduki kwa jina la sheria, awe polisi au mlinzi wa mbuga, ajifunze kuitumia mbali na nyumba za watu, mahali panapojulikana, siku zinazojulikana. Na ardhi inayozunguka mahali hapo iwe msitu wa wanakijiji wenyewe, kwa hati yenye majina na mipaka, kabla ya risasi ya kwanza kupigwa. Msitu kwanza, uwanja wa shabaha baadaye. Mpangilio huo ukigeuzwa, sisi tutakuwa wa kwanza kuupinga uwanja huo.

Hatuandiki kwa kupenda bunduki. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji huu tangu Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba. Tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Nyawera, mahali ambapo maelfu yetu tunapita kila siku tukienda kazini na sokoni. Juni 2004 askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebusi waliuteka mji, na familia nyingi za Ibanda bado zinabeba majeraha ya siku zile. Februari 2025 wanajeshi wa serikali waliondoka, wapiganaji wa M23 wakaingia, na kati ya kuondoka na kuingia vijana wakaokota silaha zilizotupwa. Hospitali ya Panzi, ambayo kazi yake na wanawake waliobakwa vitani ilimpatia Daktari Denis Mukwege Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, iko ndani ya komini yetu. Hatuhitaji kufundishwa bunduki inafanya nini.

Mlio ukisikika saa mbili usiku, mzazi wa mtaa wa Nguba anazima taa, anawashusha watoto kitandani na kuwalaza sakafuni, kisha anasikiliza. Mmoja mmoja, au mfululizo? Unakaribia, au unahama kuelekea mto Ruzizi? Watoto wetu wa miaka kumi wanajua kutofautisha hayo kabla hawajajua kugawanya kwa tarakimu mbili. Ila hakuna masikio yanayoweza kumwambia mzazi huyo kama ni wezi, ni mlevi mwenye sare, ni mtu anayejaribu silaha yake, au ni vita vimerudi. Asubuhi watoto wanaokota maganda ya shaba njiani na kuyapuliza kama filimbi.

Tunataka mlio wa mazoezi uondoke kabisa katika usiku wa mji, ili kila mlio utakaobaki uwe na jina na uwe na wa kuujibia.

Ilani hii haiulizi nani anashika mji. Watawala wamepita wengi juu ya vilima hivi. Tunamwandikia yeyote mwenye amri juu ya bunduki hapa, leo au kesho kutwa.

Wako wenzetu waliotuambia kwamba huu si wakati wake, kwamba kwanza bunduki zinyamaze. Tunawaheshimu, maana uchungu wao ni wetu. Lakini siku amani itakapokuja, itahitaji polisi, na polisi ambaye hajawahi kulenga shabaha chini ya mwalimu ni hatari kwa mpita njia kuliko kwa mwizi. Mlinzi wa mbuga asiyejua silaha yake hufyatua ovyo kwa hofu, na anayeanguka huwa ni mwanakijiji aliyekwenda kutafuta kuni. Amani inayoandaliwa haiwezi kuacha swali hili kwa bahati.

Kambi ya jeshi ya Saio, hapa mjini, inabeba jina la ushindi wa Force Publique, jeshi la Kongo ya kikoloni, huko Ethiopia mwaka 1941. Leo nyumba zimeibana pande zote, na hilo si kosa la wenye nyumba: mji ulikua, vita vijijini vikawaleta watu, kila kipande cha ardhi kikauzwa. Tunakumbuka Mpila, mtaa wa Brazzaville, ambako tarehe 4 Machi 2012 ghala la silaha lililipuka katikati ya makazi na kuua watu zaidi ya 200. Silaha za jeshi na kitanda cha mtoto vikitenganishwa na ukuta mmoja, siku moja ukuta hautatosha.

Sasa tuseme uwanja wa shabaha ni kitu gani, maana wengi wanadhani ni ubao na mstari wa chokaa. Mahali pa kusimama na kulenga hapazidi hekta moja au mbili. Mbele yake, mwendo wa mita 100 au 300, kuna tuta kubwa la udongo laini usio na mawe, la kupokea risasi. Mawe hurudisha risasi kwa aliyeipiga. Lakini risasi ya AK-47 iliyopita juu ya tuta inaweza kwenda zaidi ya kilomita 2, kwa hiyo nyuma ya tuta, na pembeni mwake, lazima pawe na ardhi isiyo na mtu wakati wa mazoezi. Mlima mrefu ukisimama nyuma ya tuta, ardhi hiyo inapungua. Bila mlima, ni mamia ya hekta. Hapo ndipo hoja yetu ilipozaliwa: hekta mbili za bunduki zinadai mamia ya hekta za utulivu. Utulivu huo unaweza kuwa vichaka vilivyoachwa vichomwe moto kila kiangazi. Unaweza pia kuwa msitu.

Jambo hili lina mifano duniani. Uwanda wa Salisbury huko Uingereza ulianza kununuliwa na jeshi mwaka 1897, na kwa kuwa jembe na nyumba havikuruhusiwa humo, leo ndiyo nyika kubwa kuliko zote za aina yake iliyosalia kaskazini magharibi mwa Ulaya. Maua na ndege waliotoweka kwingine wamebaki humo. Wenye kutetea viwanja vya jeshi wanapenda kuishia hapo. Sisi tunaendelea. Ndani ya uwanda huo kulikuwa na kijiji kiitwacho Imber. Novemba 1943 wanakijiji wake waliambiwa waondoke ili wanajeshi wafanye mazoezi, na vita vilipokwisha hawakuruhusiwa kurudi. Kanisa lao linafunguliwa siku chache tu kwa mwaka. Vipepeo wamebaki, watu wa Imber hawakurudi.

Karibu na sisi, huko Kenya, somo ni chungu zaidi. Katika nyanda za Archers Post na Dol Dol, wafugaji wa Kimaasai na Kisamburu waliuawa na kulemazwa na mabomu yasiyolipuka yaliyoachwa baada ya mazoezi. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa watu 228 jumla ya pauni milioni 4.5. Ikafuata Lolldaiga, kaunti ya Laikipia, ambayo ni hifadhi ya wanyama na papo hapo ni mahali pa mazoezi ya jeshi la Uingereza, yaani ndoa ile ile tunayoizungumza hapa. Machi 2021 moto uliwaka wakati wa mazoezi ukateketeza maelfu ya ekari, na moshi ukaingia majumbani kwa majirani. Majirani walikwenda mahakamani, na mwaka 2025 wakakubaliwa pauni milioni 2.9, wakiwa zaidi ya 7,000. Gawanya: haifiki pauni 420 kwa kila mmoja, baada ya miaka minne ya kungoja. Hifadhi ilikuwepo, mkataba na jeshi ulikuwepo. Kilichokosekana ni jirani kuwa na neno juu ya ardhi hiyo kabla moto haujawaka.

Na sisi wenyewe tuna Kahuzi-Biega, mwendo wa kilomita 30 na kitu kutoka hapa hadi lango la Tshivanga. Mbuga iliundwa mwaka 1970, kwa juhudi za Adrien Deschryver, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba 6,000, ikaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1980 na katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1997. Tunajivunia sokwe wake. Hatuwezi kujivunia namna Batwa walivyofukuzwa kutoka msitu uliokuwa nyumba yao, dawa yao na makaburi yao. Watu wapatao 6,000 waliachwa bila kipande cha ardhi pembezoni mwa mashamba ya wengine. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi ndani ya mbuga kwa nguvu, damu ikamwagika pande zote mbili, miti mingi ikaanguka na kugeuzwa makaa. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa: serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa hao. Basi msitu unaolindwa dhidi ya watu wake huishia kuwakosa watu na kuikosa miti. Hilo tumeliona kwa macho, hatukulisoma.

Ndiyo maana sisi wa Ibanda tunajifunga mikono tangu mwanzo. Ardhi tunayoizungumza si yetu. Sisi ni watu wa mji, tunakula maharage, mihogo na maziwa ya vijijini, na ni rahisi mno kwa watu wa mji kukaa mezani na kuchagua mlima wa mtu mwingine. Hatutachagua mlima. Toka mtaa wa Essence, hapa mjini, ukashike njia ya Nyangezi, utazame kushoto na kulia: hutaona kilima kisicho na mgomba wa mtu. Anayesema kuna ardhi tupu vijijini Kabare au Walungu hajapita huko kwa miguu.

Kilima kinachoonekana kitupu kina mwenyewe. Kwa Bashi, wenyeji wa vilima hivi, mtu alimpa Mwami, yaani mtawala wa jadi, ng'ombe akapata kalinzi, ardhi ya kuwarithisha wanawe. Asiye na ng'ombe alipata bwasa, ardhi ya kulima kwa muda. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya serikali, na kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi zao zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo ilingojewa miongo na miongo. Katika kungoja huko, wenye kujua njia za ofisini walijiandikia vilima vizima, na mwenye kalinzi akaamka siku moja akaambiwa kwamba shamba la babu yake ni la bwana mmoja wa mjini. Wanawake ndio waliopoteza zaidi, kwa sababu wengi wao wanalima kwa bwasa, na bwasa haina mtetezi. Uwanja wa shabaha ukiletwa kwa njia hiyo ya zamani, utakuwa unyang'anyi mwingine, safari hii ukiwa na bendera nyekundu na bunduki za kuulinda.

Iko njia nyingine, na imo ndani ya sheria zetu. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wake kwa hati, hadi hekta 50,000, bila kulipia na bila kikomo cha muda. Jamii inachora mpaka wake, inawataja watu wake, inachagua kamati yake, na gavana anatia saini. Tunataka hati hiyo itangulie. Ikishapatikana, jamii iamue yenyewe kama inataka kukodisha hekta mbili au tatu za uwanja ndani ya msitu wake, kwa miaka mingapi, kwa kodi gani, na kwa masharti gani ya kuuvunja mkataba. Jamii iwe mwenye nyumba, na wenye bunduki wawe wapangaji. Mpangaji akikosea, anatoka. Mahali penye Batwa, wakae ndani ya kamati hiyo kwa haki inayotambuliwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2022, na neno lao la kukataa liwe na nguvu sawa na la mwami.

Kodi ilipe walinzi wa msitu kutoka kijiji hicho hicho na miche. Isiende kwenye mfuko wa mji. Wala wetu.

Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kabla ya mradi wa namna hii. Tunataka uchunguzi huo usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji, Mashi au nyingine, mbele ya watu waliokaa chini wakiwa na muda wa kuuliza. Karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya groupement, yaani kundi la vijiji, haitoshi.

Katika uchunguzi huo tutadai sura ndefu kuhusu madini ya risasi, yale mazito yaliyomo pia ndani ya betri za gari. Kila risasi inayoingia kwenye tuta huacha kiasi chake, na mwaka baada ya mwaka tuta linajaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama. Yanamharibia mtoto akili polepole, bila homa wala kidonda cha kumwonyesha daktari. Udongo wetu mwekundu una asidi, na asidi huyayeyusha madini hayo. Mvua zetu, kuanzia Septemba hadi Mei, huyasukuma bondeni. Kwa hiyo uwanja usiwe juu ya chemchemi wala karibu na kijito. Udongo wa tuta upewe chokaa ili kupunguza asidi. Uso wake ufunikwe kwa nyasi, maji yanayotoka yapite kwenye mabwawa ya kutuliza matope, na yapimwe kila mwaka na mtu asiyelipwa na wenye bunduki. Baada ya miaka kadhaa tuta lichekechwe, madini hayo yatolewe, yauzwe kwa kiwanda na si kwa mafundi wanaoyeyusha betri uani mbele ya watoto. Mbuzi wasichunge juu ya tuta. Mboga zisilimwe chini yake. Kijiji kinachokubali uwanja bila kuelezwa haya yote kwa maneno mepesi kimedanganywa, hata kama kimetia saini.

Siku za mazoezi zitangazwe wiki moja kabla, kwenye redio na kanisani, na zisiwe siku za soko. Bendera nyekundu ipandishwe, na mlinzi wa kijiji awe na mamlaka ya kusimamisha mazoezi akimwona hata mchungaji mmoja ndani ya eneo la hatari. Silaha ndogo tu. Mizinga, makombora na guruneti havitaingia hata kwa siku moja, maana kombora lisilolipuka linamngoja mtoto miaka ishirini. Na hekta zile za utulivu zisigeuke kificho cha kuchimba dhahabu. Kivu Kusini tunajua jinsi uzio wenye maaskari unavyoweza kuanza kwa jina moja na kuishia kwa jingine. Shimo la kwanza la mgodi likichimbwa, mkataba umekufa.

Kuhusu aina ya miti, wanakijiji wanajua kuliko sisi. Tunaomba tu mikaratusi isipandwe vijitoni, kwa sababu inakunywa maji ya watu, na miti ya asili, mianzi ikiwemo, ipewe nafasi yake.

Ibanda nayo ina deni lake, na ilani isiyolitaja ingekuwa ya unafiki. Simama mbele ya soko la Nyawera alfajiri uhesabu magunia ya makaa yanayoshuka. Ndani ya magunia hayo mna miti ya Kahuzi, mna vivuli vya Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023 milima ya Kalehe ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi ikazika watu zaidi ya 400, na maelfu hawakuonekana tena. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo, lakini ilikuta miteremko iliyovuliwa nguo. Udongo huo huo, na plastiki tunazotupa mifereji ya Ibanda, huteremka ziwani hadi Ruzizi, ambako bwawa linalotupatia umeme tangu miaka ya 1950 linakabwa koo. Kisha umeme unakatika, nasi tunanunua makaa zaidi. Kwa hiyo kila nyumba inayojiunga nasi inaahidi jiko linalotumia makaa kidogo, na inatoa mchango wa miche kulingana na magunia inayochoma. Salongo, kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi, itakuwa ya miti kwenye miteremko ya Panzi na Nguba, mvua inaponyesha, na ya mifereji wakati wa kiangazi.

Hatuko chini ya chama chochote cha siasa. Mwenye hati ya ardhi ya vijijini aliyoipata mjini haruhusiwi kuingia katika kamati yetu. Wala anayeuza silaha, kuzisafirisha au kuzikodisha. Polisi na wanajeshi tutazungumza nao kama majirani, kwenye mikutano ya wazi. Daftari la fedha litasomwa lote kila mkutano, hata kama kuna faranga mia tano tu ndani yake.

Kazi ya kwanza ni bustani ya miche, iwe tayari kabla ya mvua za Septemba. Kazi ya pili ni kutafsiri amri ya 2014 na sheria ya 2022 kwa Kiswahili cha kila siku, na kuzipeleka kwa wazee, wanawake na vijana wa vijiji vitakavyotupokea, pamoja na habari za Imber, Lolldaiga na Tshivanga, mazuri na mabaya yake, bila kuficha. Kisha tutarudi nyumbani. Kijiji kikituita, tutakwenda, na mwanasheria na fundi wa kupima ardhi tutawalipa sisi. Kikitaka msitu bila uwanja, tutasaidia kutafuta hati ya msitu, na suala la uwanja litakuwa limekwisha hapo. Na kisipoita hata kimoja, tutapanda Panzi.